Mama Vifungo na Shati Zima

Miaka kumi na tisa Mama Vifungo alifanya kazi kwenye kiwanda cha mashati, na miaka yote hiyo alishona vifungo. Vifungo tu, jamani! Shati lilimfikia likiwa na kola, mikono na mfuko. Yeye alipachika vifungo saba vya mbele na viwili vya mikononi, kisha likaenda zake kwa mpiga pasi. Mtaani walimwita fundi, naye akanyamaza. Nani anakataa sifa ya bure?

Kiwanda kilipofungwa, serikali ikatangaza posho kwa waliopoteza kazi. Mama Vifungo akaenda ofisi ya kazi, dirisha la tatu, akapewa fomu. Palipoulizwa ujuzi akaandika kwa mwandiko wa kujidai: Fundi nguo, miaka 19.

"Hongera, mama," afisa akamwambia. "Wenye ujuzi wanapata posho miezi mitatu huku tukiwatafutia kazi. Ila ukishindwa kuifanya kazi tuliyokupatia, posho inakatwa."

"Mimi nishindwe kazi?" Mdomo huo! Moyoni maji yalishamfika shingoni, maana nyumbani alikuwa na watoto watatu na mama yake mzazi mgonjwa, na wote hao walikuwa wakiitazama posho ile ile.

Wiki ya pili akatumwa kwenye duka la fundi cherehani mmoja, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mzee akamwekea kitambaa cha bluu mezani. "Dada, nishonee shati moja niuone mkono wako. Natoka kidogo."

Mama Vifungo akakikodolea macho kitambaa. Akashika mkasi, akauweka. Akaushika tena, akauweka. Sasa aanzie wapi, mgongoni au begani? Mwishowe mkono ukaenda unakokujua. Mzee aliporudi akakuta kitambaa kizima, hakijaguswa na mkasi, na katikati yake vifungo saba vimeshonwa kwa mstari ulionyooka, nafasi sawasawa.

Mzee akavuta kifungo kimoja, hakikutikisika. "Vifungo nimevikubali," akasema. "Shati je, liko wapi?"

"Linakuja," Mama Vifungo akajibu, halafu akaangua kilio.

Mzee hakucheka, walau si mbele yake. "Mficha uchi hazai, dada yangu," akamwambia, akaandika barua fupi kwamba huyu hajui kushona, afundishwe.

Kesho yake alisimama tena dirisha la tatu, akingoja kusikia posho imekatwa. Afisa akasoma barua mara mbili.

"Mama, wasio na ujuzi tunawasomesha miezi sita, na posho wanapata. Mbona hukusema?"

"Aibu, mwanangu."

"Basi sema sasa kwa mdomo wako, niandike upya."

Mama Vifungo akageuka. Lo! Foleni nzima ilikuwa ya wanawake wa kiwandani, na wote walimjua kwa maringo yake. Akafikiria sufuria ya nyumbani, akafumba macho.

"Sijui kushona shati!" Sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, ofisi nzima ikasikia.

"Hata mimi," akasema aliyekuwa nyuma yake. "Mimi ni kola tu."

"Mimi mkono wa kushoto," akasema mwingine. "Wa kulia alikuwa nao shoga yangu."

"Mifuko," akanong'ona wa tatu, na yeye pia alikuwa ameandika fundi nguo.

Afisa akaweka kalamu chini. "Kiwanda kile kimevisha nusu ya mji huu! Kwa hiyo hapa hakuna hata mmoja anayejua kushona shati?"

Wanawake wakatazamana. Mama Vifungo akafuta machozi kwa kiganja.

"Tukiwa pamoja," akasema, "tunajua."