Kilio Nilichojifunza Jangwani

Mimi si mtu wa kulia, na mkasa huu ni wa siku niliyolia, tena kwa nguvu zangu zote, katikati ya barabara ya lami, kwenye mji wa watu nisiowajua, mpaka wenyeji wakaokota mawe. Nikiikumbuka siku ile usiku huwa nauma shuka, na ikinijia nikiwa shambani naliacha jembe nakaa chini kwanza. Lakini nimeona niiseme mwenyewe, kwa sababu Shangazi Mwanaidi ameshaanza kuisimulia hapa Ikungi kwa namna yake, na kwa namna yake, yeye hayumo.

Mdogo wangu Hamisi alikuwa dereva wa malori. Mgongo uliombeba ni huu wangu, mama akiwa shambani, na alipokua akaenda mbali kuliko sisi wote, akaoa Moyale, kule Kenya inakoishia, ukivuka tu uko Ethiopia. Mkewe, Halima, tulimjua kwa sauti ya simu, na binti yao Amina tulimjua kwa picha. Basi Hamisi akaugua ghafla akafariki, akazikwa jioni ileile kama dini inavyotaka, na sisi huku tumeshika simu tunasikiliza kelele za upepo. Tulisema tunakuja. Alizeti ilikuwa haijavunwa, hati za kusafiria hatuna, mara hiki mara kile, miezi miwili ikapita. Ndipo baba yake Halima, Mzee Guyo, akapiga simu na kusema kwa upole (upole ule unaouma kuliko matusi) kwamba kama ndugu wa marehemu hawana nafasi hata ya kuja kumwona mtoto, yeye atamlea kama mtoto asiye na upande wa baba, na wala hatatusumbua tena.

Nilikuwa napepeta alizeti. Niliweka ungo chini nikasema nakwenda, hata kama ni kwa miguu, na mtoto wa Hamisi atajua kwamba ana kwao Singida.

Sasa tatizo langu linajulikana kata nzima. Mama alipofariki mwaka juzi sikutoa chozi hata moja. Nilichota maji, nikapika, nikaosha masufuria, nikawatafutia wageni pa kulala, lakini chozi halikuja, na watu wakanipa jina la Jiwe. Shangazi Mwanaidi, dada yake marehemu baba, yeye ni kinyume changu. Akienda msibani anaanza kulia tangu njia panda, anamwita marehemu kwa jina, anamuuliza amewaachia nani, na hata wale waliofuata pilau wanajikuta wanapenga makamasi. Maana kwetu, ndugu aliyekosa mazishi, hata akija baada ya mwaka, halii ndani, analia kuanzia nje ili wenyeji wajue kaja na uchungu. Ukiingia kimya ukapiga hodi tu kama mgeni, watasema huyu kaja kuangalia mali. (Shehe wetu anatukataza kila siku kuomboleza kwa makelele, nasi tunamwitikia vizuri, halafu msiba ukitokea tunalia.)

"Safari hii utalia, Mwajuma," Shangazi akaniambia. "Ukiingia kwa wale watu na huo uso wako wa mbao, mtoto tumemkosa."

Nikamwambia sawa, nitalia. Neno hilo moja ndilo lililoniponza. Ningesema hapana, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Tukaondoka na gari la Saidi, mtoto wa Shangazi, Noah yake ile ya kubebea abiria wa mnadani, mafuta ya alizeti na asali vikiwa nyuma. Tukapita Babati, Arusha, tukavuka Namanga kwa hati za dharura, Nairobi tukaiona kwa taa zake tu, na njia nzima Shangazi ananifundisha. Aliniambia sauti ya kilio haitoki kooni, inatoka chini ya kitovu, na mikono iwekwe kichwani, si kiunoni, kwa sababu ya kiunoni ni ya ugomvi. Mimi najaribu, Saidi anashika usukani mabega yanamtikisika kwa kicheko. Tulipoipita Marsabit nikajaribu kwa nguvu kidogo, akasema, "Dada, hiyo sauti yako ni ya tairi linaloisha upepo." Haukupita muda tairi likaisha upepo kweli, na mpaka leo mimi na yeye hatujakubaliana nani alaumiwe.

Mahali pale hapana mti. Sisi watu wa Singida tunajisifu tunajua ukame, tunajua mawe, lakini mawe yetu ni makubwa na meupe na yana vichaka katikati. Yale ni mawe meusi madogo, yamemwagwa chini mpaka macho yanapokoma, kama mtu amechoma dunia akaacha mkaa, na upepo wake ni wa moto. Nikafikiri kwamba Hamisi alikuwa anapita hapa peke yake, lakini machozi hayakuja. Saidi akawa anafungua tairi, Shangazi akaniambia nenda kule mbele ukajaribu peke yako, pengine unatuonea haya.

Nikaenda. Nikaona rundo la mawe, nikasimama nyuma yake, nikaweka mikono kichwani, nikaitoa sauti kutoka chini ya kitovu kama nilivyofundishwa. Na ilitoka, wacha niseme ukweli, ilitoka vizuri mpaka nikajipenda. Nikarudia mara ya pili nikiinama. Nilipoinuka nikamwona mzee mmoja anakuja mbio juu ya yale mawe, ana fimbo na kibuyu cha maji, na nyuma yake kijana mmoja na ngamia watatu, sijui walitokea wapi kwenye nchi isiyo na pa kujificha.

Akanipa maji kwanza, hakuuliza kitu. Nikamwambia shikamoo (mdomo umezoea), akajibu salama. Halafu kwa Kiswahili cha kuokota akauliza ni nani amekufa. Mimi kusema uongo siwezi, tangu utoto nikijaribu masikio yananiwaka, basi nikamwambia hakuna, Mzee, hapa nilikuwa najifunza kulia.

Akamweleza yule kijana kwa lugha yao, kijana akageuka upande wa ngamia ili asinicheke usoni. Mzee akasema, "Mama, huku mtu akilia hivyo, kila mtu anahesabu watoto wake." Akachukua kibuyu chake akaondoka.

Maneno yale nilimpelekea Shangazi kama yalivyo. Akasema huyo ni mchungaji wa porini, kwenye nyumba ya msiba ni tofauti, waliofiwa wanajua kulia ni nini. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeshaipata sauti na kwa kuwa nilikuwa nimeshaapa kwamba mtoto simkosi, nikakubali mara ya pili.

Moyale tuliingia adhuhuri. Mzee Guyo alituelekeza kwa simu: ukipita msikiti kuna lango la buluu, linatazamana na barabara. Tukaliona. Saidi akataka kukata kona aegeshe vizuri, Shangazi akamzuia: "Simamisha hapahapa. Mtu halii akiwa ameegeshwa." Basi gari likasimama pale lilipo, nusu lamini. Nikashuka. Lori lilikuwa linapita upande wangu, nikazunguka mbele ya gari, nikapiga magoti, nikaweka mikono kichwani.

Maneno yote niliyofundishwa yakanipotea. Jina la Hamisi lenyewe lilinitoka. Ikabaki sauti tupu, na nikaona heri sauti kuliko kimya, nikaongeza.

Fikirini sasa kile ambacho mimi sikukifikiria. Ni saa ambayo watoto wanatoka chuoni kusoma Kurani, barabara ni ya malori, gari lenye namba za ugenini limesimama vibaya, na mbele ya magurudumu mwanamke amepiga magoti analia. Milango yote ya mtaa ule ilifunguka kwa pamoja. Kinamama wakaja wanaita majina ya watoto wao. Vijana wakamtoa Saidi garini kwa ukosi wa shati, mmoja ameshaokota jiwe, mwingine anamuuliza alikuwa anakimbilia wapi, na Saidi masikini anajibu, "Ikungi, mimi natoka Ikungi," kama vile Ikungi ingemwokoa. Shangazi yuko ndani ya gari, amefunga mlango, anasoma dua.

Na mimi bado nalia. Hilo ndilo linaloniuma. Nilidhani wamekuja kunipokea.

Kisha lango la buluu likafunguka, akatoka mwanamke hana viatu, kashika mtandio mkononi badala ya kuuvaa, akapasua watu, akajitupa chini, akachungulia uvunguni mwa gari letu. Nikaona nyayo zake. Nikamsikia anaita, "Amina. Amina." Ndipo sauti yangu ikakatika kama imekatwa kwa panga. Yule alikuwa Halima, mjane wa ndugu yangu, yuko ndani ya eda yake, hapaswi kutoka nje bila haja kubwa, na mimi nimemtoa mbio mpaka barabarani anamtafuta mtoto wake chini ya magurudumu.

Nikasimama. Nikapanda juu ya bampa la mbele la ile Noah, mimi na umri wangu huu na khanga imelegea, nikapaza sauti kutoka mahali palepale nilipofundishwa: "Hakuna aliyekufa! Yaani, amekufa, lakini zamani!"

Watu wakanyamaza. Sidhani kama walinielewa, nadhani walikuwa wanajaribu. Nikasema gari halijamgonga mtu, mwacheni dereva, ni mimi mwenyewe nililia. Na katikati ya ukimya ule watoto wakatokea upande wa msikiti, wamebeba mbao zao za kusomea, wanatembea polepole wanabishana mambo yao, na mmoja wao uso wake ni wa Hamisi mtupu. Halima akamkamata akamkumbatia, akamzaba kofi dogo la mgongoni, akamkumbatia tena. Halafu akanigeukia pale juu ya bampa.

"Wewe ni nani?"

Ningekuwa na mahali pa kuingia ningeingia. "Ni wifi yako," nikasema.

Mzee Guyo, aliyetoka na kiatu kimoja, ndiye aliyewatuliza watu na kuwarudisha majumbani, akiwaomba radhi kwa niaba yetu, mtu mmoja mmoja. Saidi alikatika vifungo vyote vya shati. Tukaingizwa ndani, tukapewa chai ya maziwa ya ngamia. Halima alikuwa amerudi chumbani, pazia limeshushwa. Kisha mzee akauliza, bila hasira, kwa nini tumefanya vile.

Shangazi akawahi. Akasema ni uchungu, huyu alimlea marehemu, alipoliona lango la buluu akazidiwa. Yalikuwa maneno mazuri, na mzee akaanza kuitikia kwa kichwa, na ningenyamaza tu yangeisha. Lakini masikio yakaanza kuniwaka.

"Si kweli, Mzee," nikasema. "Sikuzidiwa. Kile kilio nimejifunza njiani. Mimi huwa silii. Niliogopa nikija kimya mtasema hatukumpenda, mtatunyima mtoto."

Shangazi akafumba macho. Nikajua mtoto ndiyo basi.

Halima akasema kutoka nyuma ya pazia. Sauti yake ilikuwa ileile ya kwenye simu. "Hamisi aliniambia ana dada asiyelia. Alisema mimi nikifa, siku dada yangu akija, utamkuta jikoni anaosha vyombo, ndiye huyo. Nimemngoja miezi miwili. Ndiyo maana niliposikia kilio nje, nikajua hao si ninyi."

Niliinuka nikakusanya vikombe vya chai, nikauliza jikoni ni wapi, Amina akaniongoza. Vyombo vilikuwa vingi. Niliosha vyote, na sufuria za nyuma zilizoungua nikazisugua kwa mchanga, mtoto amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa ananitazama. Akaniuliza kama ni kweli nilipanda juu ya gari. Nikamwambia ni kweli. Akacheka kicheko cha baba yake, na pale, mikono yangu ikiwa ndani ya maji, kitu kikanishuka usoni, lakini sikutoa sauti, na hakuna aliyehesabu mtoto.

Kesho yake tulikwenda kaburini tukaomba dua, na Mzee Guyo akasema eda ikiisha na shule zikifungwa yeye mwenyewe atamleta mjukuu wake mpaka Ikungi, kwa sharti moja, kwamba asije akapokewa kwa kelele. Shangazi akainamisha kichwa akasema sawa, Mzee.

Shule zinafungwa karibuni. Nimeshapaka chokaa chumba cha mbele na nimeshamwambia Shangazi siku hiyo akae kwake mpaka nimwite. Mimi nitakwenda kituoni nisimame pale basi linaposimama, na uso wangu huuhuu wa mbao, mikono haiko kichwani wala kiunoni. Machozi ya kuazima nimeyarudisha kwa mwenyewe, na msiba wowote mtakaoniita tena, msinitafute kwenye njia panda. Njooni jikoni.