Mnadi wa Ufukweni na Samaki wa Baruti

Mama mkwe wangu ana mdomo. Nasema wazi kwa sababu hata mwenyewe anajua, na anaringa nao. Akisimama kwenye meza ya saruji pale mnadani akapaza sauti, mtu aliyelala mtaa wa pili anaamka akidhani anatukanwa. Ndiyo maana wakamwita Kengele. Siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwake alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza, "Wewe mifupa mitupu hivi, nikikunadi nani atafika bei?" Nikamjibu, "Umechelewa, mama. Mwanao ameshanichukua bila kupunguziwa." Alicheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo tukawa tunapendana kwa kuchambana.

Kazi yake ni kunadi samaki. Boti ikiingia, wavuvi wanamwaga walichopata juu ya meza. Kabla ya kutaja bei, Kengele anachagua samaki mmoja na kumpasua mbele ya watu wote. Samaki wa wavu au ndoana uti wake ni mzima. Wa baruti, nje anang'aa vizuri tu, lakini ndani uti umevunjika, damu imevilia tumboni na nyama imeachana na mbavu. Mama mkwe akikuta hivyo husema neno moja: "Baruti." Akishalisema limesemwa, huna pa kulalamika.

Hiyo baruti ililetwa na watu wa machimbo, walipokuja kupasua kilima ili barabara ipite. Barabara iliisha, baruti ikabaki mikononi mwa watu. Unatupa chupa moja tu ya baruti majini, samaki wanaelea wenyewe, wakubwa kwa wadogo, na matumbawe kule chini yanageuka kifusi. Tulinyamaza miaka mingi kwa sababu kila nyumba ilikuwa inakula. Kisha siku moja mpiga mbizi wetu mmoja akatupiwa chupa akiwa chini, aliyetupa hakumwona. Walimtoa damu ikimchuruzika masikioni na puani, tumbo limejaa kama mpira, na mkewe amesimama hapo hapo ufukweni. Baada ya mazishi watu wakakaa, wakapatana: atakayekutwa na samaki wa baruti, boti yake itachomwa moto na yeye baharini harudi. Boti, jamani. Mwili wa mtu haukutajwa.

Lakini watu wana hasira zao, na makasia yalikuwa karibu. Wa kwanza kukamatwa alikuwa kijana wa mkaangaji, yule mama mjane mwenye karai lake la mafuta hatua chache kutoka meza ya mnada. Mama mkwe alipasua, akasema neno lake. Boti ikawashwa. Moto ukiwa bado unapanda, fundi boti, ambaye mpiga mbizi alikuwa ndugu yake, akainua kasia, na wengine wakamfuata. Walimpiga yule kijana mpaka kiuno kikavunjika. Mkaangaji alikuwa anapiga mayowe huku ameshikwa mikono na wanaume wawili. Mama mkwe alifuta kisu, akaita boti inayofuata. Jioni nilipomuuliza alinifokea: "Mimi nimesema kilichomo tumboni mwa samaki. Makasia si yangu!" Mpaka leo yule kijana hajigeuzi kitandani bila mama yake.

Sasa nije kwa mume wangu. Mume wangu ni mpole, kuku wa nyumbani namchinja mimi. Mwamba ulipokwisha kuwa kifusi, akawa anarudi na boti tupu, siku nenda siku rudi, na wenzake wanampigia kelele kutoka ufukweni, "Leo umevua upepo wa kilo ngapi?" Yeye anacheka nao. Akifika nyumbani anakaa hasemi. Nilidhani ni uchovu tu. Kumbe mwenzangu alikuwa na lake moyoni, na haki ya Mungu sikujua.

Asubuhi ile aliingia na boti imejaa. Watu wakamshangilia, mimi nikapiga vigelegele kama mwehu. Samaki wakamwagwa mezani, wakubwa, wanang'aa. Mama mkwe akanyoosha mkono kuchagua.

"Mama," mume wangu akasema, "hawa si wangu? Nadi tu."

"Hapa mimi si mama wa mtu," akajibu kwa ule mdomo wake, na watu wakacheka.

"Pasua, Kengele!" akasema fundi boti.

Akamtazama mwanawe. Mwanawe akatazama pembeni. Nami nilikuwa karibu vya kutosha kuona uso wa mama mkwe ukibadilika, kama mtu aliyemeza mfupa. Akapasua. Damu nyeusi ikamwagika kwenye vidole vyake. Tumbo la samaki lilikuwa limeelekea upande wake, angelifunga kwa kiganja na kutaja bei, na nani angethubutu kumwambia fungua? Lakini mkaangaji alikuwa ameacha kukaanga. Alisimama na mwiko wake mkononi, anamkazia macho.

"Baruti," mama mkwe akasema. Alisema polepole, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Walimrukia kabla sijavuta pumzi. Kasia la kwanza lilimpata mgongoni, la pili kichwani, akaanguka kwenye magamba na matumbo ya samaki. Nilimng'ata mtu sikio mpaka nikahisi chumvi ya damu, akanirusha huko. Mtu akapiga kelele, "Mikono! Mikono ndiyo iliyotupa!" Wakamburuta mpaka kwenye meza, wakailaza mikono yake juu ya saruji, na fundi boti akashusha nyundo yake ya kazi. Mara moja mkono huu, mara moja mkono huu. Sauti aliyotoa mume wangu sitaki kuieleza.

Mama mkwe alikuwa amepanda juu ya meza ile ile, anapiga kelele, "Ni boti! Tulipatana boti! Chomeni boti, mwacheni mtoto!" Ile sauti inayoamsha mtaa wa pili, siku hiyo hakuna aliyeisikia. Mtu mmoja alimvuta mguu, akaangukia uso, meno mawili yakatoka.

Ndipo mkaangaji akaja. Alikuja na sufuria ya mafuta ya moto aliyoyachota karaini, mwiko ndani yake, akawa anachota na kurusha. "Nani anataka? Sogea nikukaange!" Mafuta yalimpata fundi boti kwenye paja. Alilia kama mtoto, akaiachia nyundo. Wengine wakarudi nyuma wakisukumana, mibabe mizima, wanamkimbia mwanamke mmoja mfupi. Akasimama juu ya mume wangu, miguu huku na huku, mpaka pakawa kimya.

Mama mkwe alimtambalia mkaangaji, damu mdomoni, akataka kumshika mkono.

"Usinishukuru," mkaangaji akamwambia. "Mwanangu alipolala hapa ulifuta kisu. Sikuja kwa ajili yako wewe. Mimi ninayemgeuza mtu mzima kitandani najua ilivyo, nimemwonea huruma huyu mkweo."

Mikono ya mume wangu ilipona vibaya. Vidole vimeelekea kila mmoja kwake, kikombe hakishikiki. Mama mkwe alikuwa anakuja kila siku kumlisha, naye anafunga mdomo mpaka nichukue kijiko mimi. Siku moja tu mume wangu alimsemesha mama yake.

"Ungesema ni wazima."

"Wangekuwa wa mtu mwingine ningesema baruti."

"Mimi si mtu mwingine, mama."

Mama mkwe aliweka sahani chini, akatoka. Nami sikumfuata. Nilikuwa upande wa mume wangu, na utani wetu wa zamani ulikuwa umekufa. Mnadani alirudi kwa sababu walimfuata kumbembeleza, hakuna mwingine waliyemwamini. Alikuwa ananadi na pengo lake, bila mzaha hata mmoja.

Kisha ikaingia boti ya mgeni, kijana wa upande wa pili wa ghuba ambaye hakuna aliyemjua. Akamwaga samaki wake. Mama mkwe akachagua mmoja, akapasua, akatazama. Aliweka kisu mezani, akazunguka, akamshika yule kijana kifuani na kumsukuma mpaka kwenye ukuta nyuma ya meza. Halafu akampa mgongo, akatanua mikono.

"Baruti," akasema. "Boti ile pale, chomeni. Huyu hamumgusi."

Watu wakatazamana. Fundi boti alikuwa na kasia mkononi na paja lenye kovu, na nilimwona akilishusha kidogo. Mtu akasema, "Basi, tuchome boti yaishe." Wawili watatu walikwisha kugeuka kuelekea majini.

"Mpigeni!"

Sauti ilitoka nyuma ya watu. "Mimi mlinipiga! Yeye ana nini? Mpigeni!"

Nikageuka. Alikuwa mume wangu, ameinua ile mikono yake iliyopinda juu ya vichwa vya watu, analia huku anapiga kelele. Mama mkwe alikuwa ameijua sauti hiyo kabla yangu. Alikuwa anamtafuta kwa macho katikati ya watu, na alipomwona hakutikisika.

Walirudi kwa kasi. Nilimwita, "Mama, toka hapo!" Kasia lilishuka, likamkuta begani, nikasikia mfupa ukivunjika. Alibaki amesimama mbele ya yule kijana, mkono mmoja umening'inia, anamtazama mwanawe.