Sahani ya Buluu ya Rajab

Siku Rajab Mkadamu alipoingia kwenye maulidi ya watu wa Barking na sahani yake mwenyewe kwapani, wengi walisema London imemmaliza. Mtu aliyezaliwa Mkunazini, aliyekula na wenzake kwenye sinia moja tangu hajaota meno, leo anajipakulia pembeni kama mgeni rasmi!

Aliyeumia zaidi ni Hamad. Walikuwa chanda na pete kwa miaka thelathini: wote wafagizi wa stesheni ya Stratford, wote wakazi wa jengo moja, wote wapenda ukoko wa wali.

"Sheikh, mimi nanuka?" aliuliza Hamad.

"Hunuki."

"Basi sogea tule."

"Nimeshiba."

"Umeshiba, na sahani imejaa kama kichuguu?"

Rajab aliendelea kutafuna. Wiki mbili nyuma alikuwa amepimwa damu, akaambiwa ana homa ya ini ya aina B. Daktari alieleza mengi, lakini Rajab alipokwishasikia kwamba maradhi hayo yanaambukiza, masikio yalijifunga. Barua ya kumwita mkewe akapimwe aliificha ndani ya kiatu chake cha sikukuu ya Idi. Kisha akanunua sahani ya buluu, akatia alama kikombe chake kwa rangi ya kucha, akahamia kulala kochini.

Mardhiya, mkewe, alivumilia mpaka siku aliyofagia chini ya kabati, kiatu kikadondosha barua. Hakupiga kelele. Alimshika mkono mumewe hadi kliniki, kwa muuguzi Adelina, mwanamke wa Bukoba asiyejua kunong'ona.

"Kaka Rajab, sahani haina kosa!" alisema Adelina. "Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kukumbatiana. Hupita kwenye damu, kwenye tendo la ndoa, na kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Huenda ulizaliwa nao."

"Na ini langu?"

"Bado zima. Tutalipima kila miezi sita; likianza kuumia, vidonge vipo. Dada Mardhiya tunampima leo, na akiwa salama tunamchanja. Haya, kuna mtu mnayetumia naye mswaki au wembe mmoja?"

Rajab alikodoa macho. Kila Ijumaa, kabla ya msikiti, yeye na Hamad walinyoana ndevu jikoni kwa wembe mmoja. Rajab alitangulia kunyolewa, kwa kuwa ni mkubwa kwa miezi minne. Hata Ijumaa iliyopita!

"Sahani nimemtenga nayo," alisema kwa sauti ndogo, "wembe nimempa."

Adelina hakucheka. "Mlete leo hii. Asingoje."

Ngazi za kwenda kwa Hamad hazijawahi kuwa ndefu vile. Kumbe si maradhi tu Rajab aliyoyaogopa. Aliogopa mlango kufungwa.

"Umekuja na sahani yako?" Hamad alimpokea.

"Nimekuja na maradhi yangu." Akamweleza yote, wembe na kila kitu.

Hamad alijipapasa kidevu, akasema, "Miye nilidhani umenuna kwa kuwa nilisema biriani lako lina chumvi."

"Lilikuwa na chumvi?"

"Kama bahari. Hebu twende huko kliniki."

Alitolewa damu, akadungwa chanjo ya kwanza siku hiyo hiyo, huku amefumba macho na kutamka shahada kwa sauti iliyosimamisha foleni. Majibu yake na ya Mardhiya yalikuja safi. Miezi ikapita, chanjo zikakamilika, Hamad akapimwa tena: salama.

Jioni hiyo palikuwa na hitima. Hamad aliitwaa sahani ya buluu, akaifunika juu ya bakuli la achari ili nzi wasiingie, kisha akamvuta Rajab kwenye sinia. Rajab alinyoosha mkono kwenye ukoko, Hamad akauwahi.

"Mwache mgonjwa ale!" alijitetea Hamad.

"Mgonjwa ni mimi!"

"Wewe unaumwa tu," alisema Hamad, akionyesha bega lake. "Aliyedungwa ni mimi."