Mkutano wa Kuhama, Kabungu

Miaka mingi kabla sijawa profesa, nilikuwa mhadhiri kijana wa sayansi ya siasa. Nilirudi likizo kijijini kwetu Kabungu wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Mkutanoni, katibu wa chama aliniita mbele.

"Mwalimu, waeleze wazee hawa kwa nini lazima wahame."

Baba yangu alikuwa miongoni mwao, akinitazama.

"Ndugu Katibu," nilisema, "tungewauliza wenyewe kwanza."

Mgambo wawili walinishika mikono, wakanipakia kwenye Landrova na kunipeleka Mpanda mjini. Nilihojiwa hadi jioni, kisha wakaniachia kwa onyo kali.

Nyumbani nilimkuta baba anang'oa paa la nyumba yake ili ahame nalo.

"Hakuna mwingine aliyesema tuulizwe, mwanangu," alisema. "Haya, shika upande ule."