Ukuta wa Fundi

Fundi wa pikipiki wa mtaa wa Kimanga alipigilia misumari ukutani, kila spana ikapata mahali pake. Wengine hutundika vyombo juu. Yeye alivitundika chini, kimo cha mtu aliyepiga magoti. Eliane, muuza mandazi wa ng'ambo ya barabara, alimwona kila jioni akifumba macho na kupapasa ukuta ule kwa vidole vyake vyeusi vya grisi, akinong'ona, "Spana ya kumi... ya kumi na mbili... bisibisi." Alidhani ni kupenda unadhifu, akawa anamcheka.

Asubuhi moja risasi zililia upande wa milimani, na Eliane akakimbilia gereji. Nyuma yake akaingia mtu mwenye bunduki, anasukuma pikipiki. "Fundi, tengeneza iyi moto, iyi pikipiki. Mbio!" "Ndiyo, chef, mkubwa." Fundi akapiga magoti kumkabili, macho hayabanduki kwenye mtutu. Mkono ukaenda nyuma ukutani, ukarudi na spana iliyotakiwa; ukaenda tena, ukarudi. Hakumpa mgongo hata mara moja. Hapo Eliane akaelewa ukuta ule ulipangwa kwa ajili ya nini. Pikipiki ikawaka, yule mtu akaondoka. "Dada Eliane, alishapita kona?" "Alishapita." Ndipo fundi akaketi sakafuni, suruali imelowa. "Miye naogopa kila siku," akasema. Eliane akafungua kitenge chake cha juu, akamfunika mapaja, kisha akaenda kusimama mlangoni, amtazamie njia.