Siku Nilipowapa Watu wa Texas Haki ya Kazi

Siku yangu ya kwanza kazini waliokuwepo ni hawa. Bi Saroja, mratibu, mzaliwa wa Chatsworth, hapa Durban, aliyeniajiri. Mwalimu Pruitt, Mmarekani mrefu mwenye kikohozi, aliyeletwa kufundisha. Baba Sifa, jina kamili Bisimwa Cirhuza, mlinzi wa magari kule Morningside, na mkewe Furaha, ambaye mama yake na mama yangu walizaliwa kilima kimoja. Ndikumana wa Burundi na wanawe wanne, niliowajua kanisani. Na mimi, Mama Esperance, kiti cha pembeni ya mwalimu. Ulikuwa ukumbi wa kanisa, Albert Park, mwaka uliofuata ule wa 2008, wa fujo za kufukuza wageni.

Nilikuwa mkalimani. Shule niliishia darasa la tatu. Kiingereza nilikiokota Lusaka, miaka tisa jikoni kwa wamisionari. Darasa lile lilikuwa la wakimbizi wanaosubiri kuhamishiwa Marekani: siku tatu wanaelezwa nchi ile inavyoendeshwa. Mwalimu anasema sentensi mbili, ananyamaza, mimi nazisema kwa Kiswahili. Bi Saroja alinipa kanuni moja tu.

“Anti, wewe ni bomba. Maji yakiingia machafu, yatoke machafu. Usichuje.”

Katiba ya Marekani ni ya zamani sana, na haifutwi, inaongezewa kipande kimoja kimoja. Neno la vile vipande sikuwa nalo, nikasema kiraka. Kiraka cha kumi na tatu ndicho kilichokomesha utumwa. Hapo nilikuwa sawa. Lakini wao majimbo yao yaliyoungana, yale yaliyopigana vita na wenye watumwa, wanayaita union, neno lile lile la chama cha wafanyakazi. Nikasema chama cha wafanyakazi kilishinda vita. Darasa likapiga makofi. Mwalimu Pruitt akauliza wanapigia nini makofi, nikamwambia wamefurahi.

Siku ya tatu ilikuwa ya kazi. Alieleza jinsi watoto walivyotolewa viwandani, jinsi saa nane za kazi zilivyopiganiwa, na jinsi sheria ilivyokuja kuwapa wafanyakazi nafasi ya kuwa na chama. Halafu akasema kuna majimbo, kama Texas, yenye sheria ya haki ya kufanya kazi, na mengine, kama Illinois, hayana. Maneno yenyewe ni hayo, neno kwa neno. Nikayatoa kama yalivyoingia.

Wiki mbili baadaye nilikuwa biro, ofisini kwetu, napanga viti, Bi Saroja akaniambia Baba Sifa ameleta barua ya kubadilisha faili. Faili ile ilikuwa na jina la mdogo wake aliyeko Illinois, anakokaa na mama yao, Nabintu, ambaye macho yalikuwa yanaanza kuingia kiza. Sasa anataka Texas, ambako ana jirani wa zamani tu.

Nikasema si ajabu, Texas ndiko kuliko na haki ya kazi.

Bi Saroja akaweka kalamu chini. “Anti, mama yangu alishona mashati kiwandani maisha yake yote. Bila kadi ya chama, hukukalia cherehani. Sheria ya Texas inasema kadi si lazima. Haimpi mtu kazi, wala Illinois haimnyimi.”

Barua ilikuwa haijapelekwa juu. Kuizuia kulihitaji mwenyewe akubali, na sababu iandikwe. Na mkalimani mwenye kosa lililoandikwa alikuwa haingii tena chumba cha mahojiano, wanamoulizwa wanaoomba kuhamishwa, kazi niliyoingoja tangu mwanzo. Kesho yake nilipanda taxi kwenda Morningside.

Nilimkuta kwenye maegesho ya maduka. Akasikiliza, kisha akasema, “Mama, karatasi yangu ya kwanza hapa Durban walipiga muhuri: kazi hapana, masomo hapana. Nilikuwa naogopa hata kuosha gari. Sasa unanituma fasi haiko haki?”

“Haki iko fasi zote, kila jimbo. Ni mimi nilikosa.”

“Mzungu alisema. Nilimusikia.”

“Alisema maneno, mimi nikayabeba bila kujua maana. Kule Texas hawakulazimishi kuingia chama. Ni hayo tu.”

Gari lilikuwa linarudi nyuma. Akalipungia mkono mpaka likatoka. “Chama kile kilishinda vita?”

“Hapana. Hata hapo nilikosa.”

Akacheka mpaka akakaa juu ya kreti. “Eish, Mama. Sasa ni nini ulisema ya kweli?”

“Kiraka cha kumi na tatu.”

Akaacha kucheka. Akaniuliza kama mamaye bado anaona kidogo. Nikamwambia hilo silijui, aende akaone mwenyewe. Akasema barua irudishwe.

Niliandika jina langu chini ya maelezo ya kosa. Mkurugenzi aliyasoma amesimama. “Umefanya vizuri kusema,” akaniambia, “lakini kwenye mahojiano hatutakuweka.” Hakuniweka, wala wakurugenzi wawili waliomfuata. Nilibaki na madarasa mpaka 2015, magoti yalipokataa ngazi. Baba Sifa alishafika Illinois. Furaha alipiga simu kusema Nabintu alimtambua mwanawe kwa kumpapasa masikio.

Wakalimani wa sasa wana simu zinazowapa kila neno. Mimi nawaambia neno si kazi ngumu. Ngumu ni kumsimamisha mwalimu mbele ya watu na kukiri kuwa wewe mwenyewe hujaelewa. Mimi niliona haya.

Nyinyi mliokaa kwenye viti vile, na mliofika kule: kama nimemsahau mtu, au nimegeuza majimbo, au sheria ile hata leo sijaielewa, niambieni, na msione haya kwa sababu mimi ni mzee. Bado naulizwa na wanaosubiri kuondoka, na bado nawajibu.