Mpaka Tulioukata Ukiwa na Maua

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika habari hii. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na daftari ninaloliangalia liliandikwa kwa penseli ambayo sasa imefifia. Lakini siku zimo, nami nitaziandika zilivyo.

Ilikuwa Januari ya kwanza baada ya Uhuru. Mpaka kati ya shamba letu na la ndugu yangu, mtoto wa baba mkubwa, ulikuwa ni mstari wa mululusia, ile miti midogo ya majani machungu ambayo kila mtu Kakamega anaijua. Mama alikuwa anatibu watu tumbo na homa kwa majani hayo. Mwishoni mwa mpaka ulisimama mti mkubwa wa musutsu, na juu yake mzinga wa gogo ambao marehemu baba aliutundika. Miti ya mululusia ikichanua, maua yake meupe yalijaa nyuki, hata ukipita ulisikia mpaka wote unanguruma.

Mama alikuwa na sheria yake, sijaisikia kwa mtu mwingine. Mti wenye nyuki uko kazini, usiusumbue. Akihitaji majani wakati wa maua, aliamka kabla jua halijapasha shamba, nyuki wakiwa bado ndani, akachuma yale ya chini. Alisema majani ya saa hiyo ndiyo yenye nguvu. Labda ni kweli. Labda aliogopa tu kuumwa. Sikumuuliza.

Mwezi huo alikuwa amelala. Daktari alisema ni ini, akampa dawa, na mama alizimeza zote. Sitaki mtu aseme alikataa hospitali. Lakini alitaka pia dawa yake mwenyewe, maji ya majani ya mululusia yaliyotiwa asali, na asali alitaka ile ya mzinga wetu. Ya mwaka uliopita ilikuwa imeisha. Maua yakimalizika nilitakiwa nipande nitoe mpya, maana kwetu mwanamke hapandi kwenye mzinga. Kila asubuhi aliniuliza maua yamefika wapi.

Ndipo tukasikia wapimaji wa ardhi wanakuja Alhamisi. Ndugu yangu alikuja na panga, akasema mpaka umepinda, wakiukuta hivyo watatuandikia uliopinda, na hata hawataona kutoka kona moja mpaka nyingine. Nilimwambia miti imechanua. Akacheka.

"Wewe na nyuki wako mtaandikiwa hati pamoja? Mti unameanga tena, bwana."

Hakunilazimisha. Naandika hili kwa sababu watu baadaye walimsema yeye. Panga la pili lilikuwa mkononi mwangu. Jumanne mchana, jua likiwa kali, tulikata mstari wote, maua juu, nyuki ndani ya maua. Niliumwa mara tatu. Yeye mara nyingi zaidi.

Jumatano niliwaona nyuki wakirudi mahali pale. Mti haukuwepo, lakini walisimama hewani kwa urefu uleule wa maua, mstari mzima, wakizunguka. Nilisimama nikawatazama. Sikusikia chochote moyoni, na hata sasa nikitafuta nilichosikia sikipati. Nilirudi nyumbani nikala obusuma, ugali wetu.

Alhamisi wapimaji hawakuja. Walikuja wiki mbili baadaye, wakapima kwa mnyororo wao, wala hawakuuliza habari ya miti.

Jumamosi mzinga ulikuwa kimya. Nilipanda. Ndani mlikuwa na masega makavu, membamba, bila asali. Lazima niseme pia kwamba niliona siafu kwenye shina la musutsu, na siafu peke yao hufukuza nyuki. Kwa hiyo siwezi kuapa ni panga. Naandika siafu kwa sababu niliwaona, si kwa sababu wananisaidia.

Nilienda sokoni nikaleta chupa ya asali ya mtu wa upande wa Butali. Nikaponda majani ya matawi yaliyolala pale chini, nikachanganya, nikampelekea mama bila kusema asali imetoka wapi. Alionja kidogo, akashika mdomoni.

"Hii imetiwa sukari nguru," alisema.

Nikamrekebishia blanketi.

"Nyuki wamehama, baba?" Alituita baba sisi wanawe wote.

"Wamehama, mama."

"Mlikata?"

"Tulikata."

"Yakiwa yamefunguka?"

"Yakiwa yamefunguka. Jumanne, mchana."

Aliangalia kikombe. Nilingoja anigombeze, maana angenigombeza ningejua pa kushika. Akanywa yote, polepole, akanirudishia kikombe kikiwa kitupu.

"Hayo matawi bado yana maji," alisema. "Kata fimbo, uchomeke leo. Mahali palepale, hata kama pamepinda. Nyuki wataona pa kurudi."

Nilichomeka jioni hiyo. Ndugu yangu aliniona kutoka kwake, akaja, akachomeka upande wake bila kuuliza. Mama alifariki siku ya tisa baada ya hapo. Asali yetu isingemponya, daktari alikwisha kusema, nami naamini. Ila aliitaka, na alikunywa nyingine.

Watu walilia sana. Mimi nilibeba viti.

Mwaka wa pili fimbo zilichanua, maua machache, na nyuki wakaja. Kama ni walewale sijui, na sidhani nyuki huishi muda huo. Hawakuingia mzingani. Nilikaa pale mpaka jua lilipokuwa kali, nikachuma majani ya chini kwa ajili ya mtoto wa ndugu yangu aliyekuwa na homa, kisha nikakumbuka saa ya mama. Nikayaacha chini, nikarudi kesho yake alfajiri.